Zana ya Kugeuza Alama: Je, Jibu Sahihi ni Moja?

Katika makala haya nakusudia kutoa maoni yangu juu ya desturi moja tuliyonayo sisi tunaofundisha walimu, desturi ambayo wanachuo wetu huichukua na kwenda nayo shuleni bila kuihoji. Desturi yenyewe ni ya kusahihisha kazi ya kubuni kana kwamba ni hesabu ya kujumlisha. Mwanachuo hupewa kazi ya kutengeneza zana ya kufundishia. Mkufunzi anayo zana yake kichwani. Zana ya mwanachuo ikifanana na ile, hupata alama zote, na ikitofautiana nayo, hukatwa. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa, wala sikuuona ubaya wake mpaka siku moja huko Didia, mkoani Shinyanga, mtoto wa Darasa la Sita aliponionyesha.

Kazi niliyokuwa nimewapa wanachuo ilitokana na tatizo ambalo kila mwalimu wa hisabati analijua. Mtoto akiulizwa hasi tatu mara hasi moja ni ngapi, hujibu upesi kuwa ni chanya tatu, kwa sababu amekaririshwa hivyo. Akiulizwa kwa nini, hunyamaza. Na mwalimu naye akiulizwa na mtoto mdadisi, husema, “Ndiyo kanuni,” kisha hugeukia ubao. Nikaona tutengeneze zana ndogo yenye swichi moja. Swichi ikiwa upande huu, volti iingiayo hutoka kama ilivyoingia. Ikiwa upande ule, hutoka imegeuzwa, chanya ikawa hasi na hasi ikawa chanya. Swichi hiyo ndiyo “mara hasi moja”. Mtoto ataunga betri kinyume ili iingie volti hasi, kisha atageuza swichi, naye ataona kwa macho yake sindano ya kipimo ikirudi upande wa chanya. Hasi iliyogeuzwa ni chanya, na hakuna aliyemwambia kuwa ni kanuni.

Msomaji mwenye ujuzi wa umeme ataniuliza mara moja: je, swichi ya kukingamisha waya haitoshi? Swichi ile yenye ncha sita, ambayo waya zake hupishana mfano wa herufi X, hugeuza mwelekeo wa mkondo bila kuhitaji kitu kingine. Kwa kweli yatosha kwa mambo mengi. Kwa betri mbili na mota ndogo iliyotolewa katika kaseti mbovu, watoto wataona mota ikizunguka mbele na nyuma, na kwa madarasa ya chini ningeishia hapo. Lakini swichi hiyo hugeuza waya zote mbili kwa pamoja. Katika redio, na katika karibu kila chombo cha kupimia, waya mmoja ni wa sifuri, nao hutumiwa na sehemu zote za chombo. Huwezi kuuchukua ukaupeleka mahali pa waya wa ishara bila kuziunganisha mahali pasipotakiwa. Hapo ndipo inapohitajika njia ya kugeuza ishara huku sifuri ikibaki pale pale ilipo.

Kifaa kinachofanya kazi hiyo mafundi wa redio hukiita kwa jina la kigeni, au hukitaja kwa namba yake tu, 741. Katika makala haya nitakiita kikuza tofauti, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Kina milango miwili ya kuingilia na mmoja wa kutokea, nacho hakijali volti iliyopo katika mlango huu au ule, bali tofauti iliyopo baina ya milango hiyo, ambayo huikuza mara nyingi mno. Kwa 741 ni kiasi cha mara 200,000. Yafaa mwalimu wa hisabati ajue kwamba vifaa vya jinsi hii vilikulia katika mashine za kukokotoa za miaka ya 1940, ambazo zilijumlisha na kutoa kwa kutumia volti badala ya tarakimu, na jina lake la Kiingereza, lililotolewa mwaka 1947, latokana na matendo hayo ya hesabu. Wakati huo vilitengenezwa kwa valvu za kioo. 741, iliyobuniwa na Dave Fullagar na kutolewa na kampuni ya Fairchild ya Marekani mwaka 1968, haizidi sana punje ya hindi.

Kukuza mara 200,000 peke yake hakutufai. Siri ni kurudisha kinachotoka kwenye mlango mmoja wa kuingilia, ule uitwao mlango wa kugeuza. Kikishafungwa hivyo, kikuza hufanya kila kiwezalo ili milango yake miwili iwe na volti sawa, na mengine yote hufuata kutokana na jambo hilo moja. Mwanachuo na aufikirie ubao wa bembea ulioegemezwa katikati, ambao watoto wawili huukalia, huyu akipanda na huyu akishuka. Ncha moja ni volti iingiayo, ncha ya pili ni volti itokayo, na egemeo ni mlango wa pili, ule usiogeuza. Urefu wa ubao kwa kila upande ni resista: ya kwanza kutoka penye kuingilia hadi mlango wa kugeuza, ya pili kutoka mlango huo hadi penye kutokea. Resista zikiwa sawa, egemeo liko katikati barabara. Sasa swichi ikiunganisha, mlango wa pili hushikwa kwenye sifuri, yaani egemeo limekazwa chini: inua ncha moja, nyingine itashuka kwa kiasi kile kile. Swichi ikiachia, mlango wa pili hupokea volti ile ile iingiayo kwa kupitia resista ya tatu. Egemeo hupanda pamoja na ncha, na ubao wote huinuka ukiwa umelala sawasawa. Kinachotoka ni kile kilichoingia. Kikuza kimoja, resista tatu na swichi moja: hakuna zaidi.

Nakiri kwamba niliipenda saketi hiyo kupita kiasi. Niliipenda kwa unadhifu wake, na kwa kuwa nilikuwa nimeieleza vizuri ubaoni. Wengi wa wanachuo waliitengeneza kama nilivyoichora, wakapata alama 18 kati ya 20. Mwanachuo mmoja wa kike hakufuata. Yeye alitumia vikuza viwili, kimoja kikiitoa volti kama ilivyo na kingine kikiigeuza wakati wote, kisha swichi yake ikachagua achukue ya nani. Nilimwandikia kwa wino mwekundu, “Matumizi mabaya ya vifaa,” nikampa 11. Hakuja kulalamika. Wanachuo wetu hawalalamiki, nasi huchukua ukimya huo kuwa ni kukubali.

Didia ni kata ya Wilaya ya Shinyanga, katika barabara itokayo Shinyanga mjini kwenda Tinde. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na pia ni njia ya vijana waelekeao machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita. Wanachuo walipokwenda huko kwa mazoezi ya kufundisha, nami nikaenda kuwakagua, zana zote tulikuwa tumezitia katika sanduku moja, zile za alama 18 pamoja na ile ya 11.

Mwanachuo aliyefundisha siku hiyo aliitumia zana iliyotengenezwa kwa mchoro wangu. Volti ya kuingiza ilitoka katika betri mbili za tochi, volti 3 kwa jumla, kwa kupitia kizungushio cha sauti cha redio chenye omu 5,000, ambacho alikizungusha hadi sindano ikaonyesha volti 1.2. Kipimo kilikuwa galvanometa ya chuo yenye sifuri katikati, tuliyoiunga na resista kubwa ili isome volti. Resista tatu za zana zilikuwa za omu 10,000 kila moja. Tulikuwa tumezipima na kuchagua zilizolingana, kwa sababu resista za bei nafuu zina mstari wa rangi ya dhahabu, na katika resista dhahabu maana yake ni kwamba thamani iliyoandikwa yaweza kukosea kwa asilimia 5 juu au chini. (Wanachuo wa huku kwetu huicheka sana habari hiyo.) Ukichukua mbili bila kupima, moja ikazidi na nyingine ikapungua, pande za ubao wako zaweza kutofautiana kwa karibu asilimia 10.

Swichi ikiachia, sindano ilikwenda kulia na kusimama penye 1.2. Akaigeuza, ikaenda kushoto. Watoto wakapiga makofi. Mwanachuo akaandika ubaoni kuwa kinyume cha 1.2 ni hasi 1.2. Ndipo mtoto mmoja aliyeketi mbele akanyosha mkono na kusema, “Mwalimu, mbona kushoto haijafika?”

Alisema kweli. Kushoto sindano ilisimama karibu na 0.97. Mwanachuo alinitazama. Mimi niliyeketi nyuma na daftari la ukaguzi nilijua sababu baada ya muda mfupi, na ilikuwa ni sababu ambayo sikuwahi kuieleza darasani kwangu. Swichi ikiachia, zana ile hainywi mkondo wowote wa kuhesabika kutoka kwenye kizungushio. Ubao umelala sawa, hakuna kinachopita katika resista. Swichi ikiunganisha, resista mbili za omu 10,000 hunywa kwa pamoja, sawa na resista moja ya omu 5,000. Kizungushio nacho kina ukinzani wake, kiasi cha omu 1,200 pale kilipokuwa kimesimama, kwa hiyo volti yake hushuka inaponywewa, kama bomba la kijiji linavyopungua nguvu jirani anapofungua lake. Saketi haikuwa imekosea kugeuza. Iligeuza barabara kile ilichopewa, lakini kwa kugeuza tu ilikuwa imekipunguza.

Tukaitoa sandukuni ile ya vikuza viwili. Kulia 1.07. Kushoto 1.07. Sindano ilikwenda na kurudi kwa hatua sawa, na yule mtoto akaridhika.

Lakini mimi sikuridhika kwa haraka, wala mwanachuo msomaji asiridhike. Volti ya kizungushio kabla ya kuungwa ilikuwa 1.2, na zana hii ilisema 1.07 pande zote mbili. Kikuza chake cha kugeuza kinakunywa wakati wote, swichi ielekee kokote. Kwa hiyo kosa lipo daima, nalo ni lile lile. Zana ya mchoro wangu husema kweli upande mmoja na kukosea upande wa pili. Zana ya binti yule hukosea pande zote mbili kwa usawa. Ipi basi ni sahihi? Ukitaka kujua ukubwa halisi wa volti, na kugeuza kwako ni kwa nadra, chukua yangu. Ukitaka kulinganisha chanya na hasi, kama tulivyotaka siku ile, yangu haifai na yake inafaa. Kazi niliyoitoa ilikuwa ya kulinganisha. Nilikuwa nimempa alama 11 mtu pekee aliyeifanya.

Jambo hili halikuishia kwenye sindano. Kipindi kilipokwisha watoto walinizunguka, na mmoja akauliza kama chombo hiki ni ndugu wa ile mashine ambayo kaka yake huitembeza juu ya ardhi machimboni akisikiliza mlio. Wenzake wakaanza kubishana. Mmoja alisema mashine ile hunusa dhahabu. Mwingine alisema haifanyi kazi mpaka mwenyewe awe amekwenda kwa mganga. Ubishi wa watoto huchekesha, lakini katika mikoa yetu si wa kuchekwa. Kati ya mwaka 2007 na 2009 watu wenye ualbino waliuawa katika Kanda ya Ziwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na machimbo ya dhahabu yalitajwa mara nyingi kuwa mahali imani hiyo ilipopata wateja. Sidai kwamba saketi yaweza kuiondoa imani ya namna hiyo. Nadai tu kwamba mwalimu wa Didia anayeulizwa mashine ile inajuaje, akajibu kuwa hajui au kwamba ni mambo ya wataalamu, anamwachia mganga nafasi ya kujibu.

Na jibu lipo, tena liko ndani ya uwezo wa Darasa la Sita. Mashine nyingi za jinsi ile hutoa kutoka katika koili yake mvuto wa sumaku unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Ardhi huujibu, na kipande cha chuma au cha dhahabu kilichomo nacho huujibu. Udongo mwekundu wenye madini ya chuma hujibu papo kwa papo. Kipande kinachopitisha umeme hujibu kwa kuchelewa kidogo, kama mtwangaji wa pili anayeshusha mchi baada ya mwenzake kuuinua. Ndani ya mashine kipo kikuza kinachogeuza alama, kikienda sambamba na koili: chanya, chanya, hasi, hasi, kisha tena. Niliwaandikia watoto majibu mawili kwa kijiti mchangani. La kwanza lilikuwa 3, 3, hasi 3, hasi 3. La pili lilikuwa 3, hasi 3, hasi 3, 3. Nikawaambia wazidishe kila namba kwa alama ya swichi ya zamu yake, kisha wajumlishe. La kwanza likawa 3 na 3 na 3 na 3, yaani 12. La pili likawa 3, hasi 3, 3, hasi 3, yaani sifuri. Majibu yote mawili yana ukubwa ule ule. Yanatofautiana kwa wakati tu. Mwenye mashine akiipanga zamu ya swichi ili jibu la udongo liwe lile la sifuri, udongo hunyamaza, na kinachosikika ni kile kilichochelewa.

Mashine haijui dhahabu, basi, yajua kuchelewa. Kizibo cha soda nacho huipigia kelele, na wachimbaji wanalijua hilo kuliko mimi. (Ziko pia mashine za namna nyingine, zinazopiga mapigo na kusikiliza mwangwi wake, na siku hizi nyingi hufanya hesabu hii kwa kompyuta ndogo iliyomo ndani badala ya swichi, lakini hesabu ya alama ni ile ile.) Watoto walipoiona ile 12 na ile sifuri mchangani, yule aliyetaja mganga aliirudia hesabu mara mbili peke yake. Hasi mara hasi ilikuwa imepata kazi ya kufanya.

Hapa ndipo lile kosa la upande mmoja linapokuwa kubwa kuliko lilivyoonekana darasani. Chukua ishara isiyobadilika, 3, 3, 3, 3, kama ile itokanayo na kasoro ndogo ya kikuza kilichotangulia. Swichi sawa huigeuza ikawa 3, 3, hasi 3, hasi 3, na jumla ni sifuri: kasoro imejifuta. Sasa tumia swichi ambayo upande wa hasi hutoa sehemu tano za sita tu. Utapata 6 kasoro 5, yaani 1, na hiyo moja si dhahabu wala udongo. Ni uongo wa chombo chenyewe. Ishara ya punje ndogo ya dhahabu yaweza kuzama chini ya uongo huo.

Je, tungeweza kuponya saketi yangu? Ndiyo, na kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ina malipo yake. Tungeweza kutumia resista za omu 100,000 badala ya 10,000. Kizungushio kingenywewa kidogo sana, na upande wa kushoto ungesoma 1.17, karibu sawa na kulia. Lakini 741 nayo, katika milango yake ya kuingilia, hupitisha mkondo mdogo wa kwake yenyewe, kwa kawaida kiasi cha sehemu 80 za bilioni ya ampea. Ukipita katika omu 100,000 huzaa milivolti 8 ambazo hazikutoka kwenye ishara. Kwa volti 1.2 ya betri za tochi hilo si neno. Kwa ishara hafifu ni msiba. Viko vikuza vya baadaye, kama TL071, ambavyo mkondo huo kwao ni mdogo mara elfu na zaidi, navyo vingefaa kama vingepatikana katika duka la fundi wa karibu.

Swichi yenyewe nayo ina neno lake. Ya mkono, ikiunganisha, haina ukinzani wa kutaja, lakini hakuna mkono uwezao kuigeuza mara elfu kwa sekunde. Kwa kazi hiyo hutumika swichi ya transista, ambayo hata ikiunganisha hubakiza kiasi cha omu 100. Katika saketi yangu hiyo yatosha kuliinua egemeo kidogo kutoka kwenye sifuri. Resista ya tatu ikiwa omu 10,000, upande wa hasi hupungua kwa asilimia 2 hivi. Ikiwa 100,000, hupungua kwa asilimia 0.2. Kwa hiyo resista kubwa yaponya maradhi mawili na kuleta la tatu. Njia nyingine ni kuweka kikuza kimoja zaidi mbele ya zana, kiwe mlinda mlango, kinachopokea volti bila kuinywa. Hapo kulia na kushoto vyote husoma 1.2. Njia hiyo ni nzuri, ila umekwisha kutumia vikuza viwili, yaani vile vile nilivyoviita matumizi mabaya ya vifaa; tena kasoro za kikuza cha pili zimeongezeka juu ya zile za kwanza, na betri zitakwisha mapema zaidi, jambo ambalo katika shule isiyo na umeme si dogo.

Sasa niseme ninalolitaka. Kazi ya kubuni, ndogo au kubwa, haina jibu lisilo na gharama. Kila aliyebuni amelipa kitu ili apate kingine, hata kama hakujua. Mwalimu anayesahihisha kwa kulinganisha mchoro wa mwanafunzi na mchoro wake anasahihisha kufanana, wala si kubuni. Napendekeza nusu ya alama za kazi ya zana ziwekwe kwa maswali ambayo mwanachuo atayajibu kwa mdomo, zana ikiwa mezani: umechagua nini, umeacha nini, na kwa nini hapa? Neno “hapa” lisisahauliwe. Zana ya Didia si lazima iwe zana ya mjini.

Wala jambo hili halihitaji 741. Karibu kila shule ya msingi imekwisha kuona kibuyu chirizi kando ya choo. Wape watoto vibuyu vitatu na msumari. Tundu kubwa husafisha mikono upesi na kumaliza maji kabla ya mapumziko. Tundu dogo hutunza maji, lakini watoto hupanga mstari mrefu, na wa nyuma huondoka bila kunawa. Mwalimu akitangaza mapema kwamba tundu sahihi ni la msumari wa inchi mbili, amelifunga somo kabla halijaanza. Akiwauliza waliochagua dogo walilipa nini, amefundisha jambo ambalo mtihani wa kuchagua herufi hauwezi kulifikia.

Wakufunzi wenzangu wameniambia kwamba darasa la watoto themanini haliruhusu mahojiano, na kwamba nikifungua mlango huu kila jibu litadai kuwa sahihi. Hoja ya kwanza ina uzito. Kwa hiyo waulizwe kwa makundi, na sababu iandikwe kwa sentensi moja chini ya mchoro. Hoja ya pili siikubali. Makosa yapo. Kundi moja la wanachuo wangu lilirudisha waya wa kutokea kwenye mlango usiogeuza, na zana yao ikakwama karibu na volti ya betri, isigeuke kwa lolote. Hiyo si njia nyingine ya kubuni. Ni kosa, na nililikata alama bila huruma. Mwalimu anayeijua kazi yake hutofautisha saketi isiyofanya kazi na saketi inayofanya kazi kwa gharama nyingine. Asiyeweza kuzitofautisha ndiye anayehitaji mchoro mmoja wa kukimbilia.

Niliporudi chuoni orodha ya alama ilikuwa imekwisha kufungwa. Niliandika barua ya kuomba ile 11 isahihishwe, nikaeleza sababu, na hatimaye ikakubaliwa. Kisha nikamwita mwanachuo yule, nikamwonyesha namba za Didia: 1.2 na 0.97 za zana yangu, 1.07 na 1.07 za zana yake. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimekosea. Alizitazama namba zile kwa muda.

“Na hiyo 1.07, Mwalimu,” akauliza, “umenikata ngapi?”

Nikamwambia mbili.